Goma: Redio ya kompyuta ama redio ya mawe, fundi wa Majengo alichagua nini?

Katika mtaa wa Majengo, mjini Goma, fundi mmoja wa redio alikusanya dola 200 kwa muda wa miezi saba. Alitaka kununua kipokezi kipya. Lakini kila asubuhi mlangoni pake wanafika mama waliokimbia vita Masisi na Rutshuru, mkononi redio ndogo zilizonyamaza. Swali likawa: pesa hiyo iende wapi?

Kipokezi alicho nacho ni kidude kama flashi, kinachomekwa kwenye kompyuta. Kilitengenezwa kwa ajili ya televisheni, lakini tangu mwaka 2012 wapenzi wa redio duniani wanakitumia kama redio inayoongozwa na programu. Bei yake ni dola 30 hivi. Kwenye kioo cha kompyuta fundi anaona vituo vingi kwa mara moja, kila kimoja kama mstari unaong'aa. Hana haja ya kuzungusha kifungo akipapasa.

Shida yake ni biti. Kidude hicho ni cha biti 8, maana yake kinapima mawimbi kwa ngazi 256 tu. Minara ya FM ya mjini iko karibu, nguvu yake inajaza ngazi zote, na kituo cha mbali cha masafa mafupi kinazama. Ni kama kusikiliza mtoto anayenong'ona pembeni ya mashine ya kusaga muhogo. Kipokezi cha biti 14 kina ngazi 16,384. Cha biti 16 kina 65,536. Kila biti inaongeza karibu desibeli 6. Kwenye karatasi, biti 16 inashinda.

Redio za mawe za wakimbizi zinafuata njia nyingine, iliyobuniwa na Edwin Armstrong mwaka 1918. Kila kituo kinageuzwa kwanza kuwa masafa mamoja, mara nyingi kilohezi 455, ndipo kichujio kinachagua. Njia hiyo ina kasoro yake. Mama mmoja wa Rutshuru alifika akilalamika:

«Fundi, redio hii ina wazimu. Kituo kimoja nakipata pahali pawili.»

«Hapana mama, ni nzima,» fundi akamjibu. Kwa redio za namna hiyo, kituo chenye nguvu kinajitokeza tena kilohezi 910 pembeni, mara mbili ya 455. Ni kivuli chake.

Lakini redio ya mama huyo inaishi siku nyingi kwa mawe mawili. Kompyuta ya fundi inamaliza betri kwa saa chache, na umeme ukikatika, kioo chote ni giza.

Usiku mmoja fundi aliweka vyote viwili juu ya meza moja. Redio ya mama ilishika kituo ambacho kompyuta haikukiona. Akazima kigeuza umeme cha sola: nusu ya kelele ikapotea. Akazima taa za LED: mstari wa kituo ukatokea. Hapo akaelewa kwamba kipokezi cha biti 16 kingepima vizuri zaidi kelele ya nyumba yake mwenyewe.

Basi aliagiza kichujio cha kuzuia FM, dola 15. Waya wa antena akauhamisha mbali na sola, akaupitisha chini chini kwenye ua wa mbao. Wakati wa vita, waya mrefu juu ya mabati unaleta maswali, hata kwa mtu anayesikiliza tu na hatangazi kitu.

Sehemu kubwa ya pesa iliyobaki ilinunua spika, kondensa na mawe. Redio tisa zimerudi kwa wenyewe. Na kidude cha biti 8 kimepata kazi: kila jioni fundi anatazama vituo gani vinafika, anaandika kwenye karatasi na kuibandika mlangoni. Mchana, jaribuni mita 25. Usiku, mita 49.

Mama wa Rutshuru anapita kuisoma kila siku. Juzi alisikiliza habari mpaka mwisho. Kijiji chake hakikutajwa. Aliomba mawe mengine mawili, akaahidi kulipa Jumamosi.