Kupiga Sinema Mwanga

Hapana sanaa idanganyayo macho kwa wepesi kama sinema. Mtazamaji huona picha ya dakika kumi, akainuka kitini akidhani kwamba kazi yake ilikuwa ya siku moja. Wanafunzi wa siku hizi, ambao kila mmoja ana kamera ndani ya simu yake, wamo katika hatari kubwa zaidi ya kudanganyika. Chombo kimekuwa chepesi, lakini kazi imebaki na uzito wake wa zamani.

Msomaji na achukue mfano wa wanafunzi saba wa Mwanga, mahali penye soko na makazi mengi baina ya bandari ya Kigoma na mji mkongwe wa Ujiji. Wamekubaliana kutengeneza filamu ya dakika kumi. Hadithi yao ni ya binti asomaye sekondari, ambaye huwaficha wenzake kwamba mama yake huanika dagaa ufuoni Kibirizi. Siku moja afika sokoni Mwanga pamoja na wenzake hao, nao wasimama mbele ya meza ya mama huyo huyo na kuanza kupatana bei. Je, binti atamwamkia mama yake, au atajifanya mnunuzi kama wengine? Hadithi haina zaidi ya hayo, wala haihitaji zaidi.

Yamkini wako watakaosema kuwa jambo dogo namna hii halistahili sinema, maana ziwa hili limekwisha zoea mambo makubwa. Mwaka 1939 ilitolewa Marekani filamu ya Stanley and Livingstone, ambayo yasimulia yale makutano ya Ujiji ya mwaka 1871. Spencer Tracy, aliyeigiza Stanley, hakukanyaga Ujiji. Mandhari ya Afrika yalipigwa picha na kundi jingine lililotumwa huku bila yake. Mwaka 1951 ikatoka The African Queen, kutokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Meli ya Kijerumani iliyomo katika kisa hicho ina asili yake katika Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ikaitwa Liemba. Meli yenyewe ilikuwapo ziwani, lakini filamu ilipigwa Kongo, Uganda na katika studio za Uingereza. Kisha, tangu mwaka 1962, Hugo van Lawick alipiga picha za sokwe wa Gombe, kaskazini ya Kigoma, ambao Jane Goodall alikuwa akiwachunguza. Ulimwengu ukawajua sokwe hao kwa sura na kwa majina: David Greybeard, Flo na wengineo. Mwanamke wa Kibirizi hakupata bahati ya kuitwa jina katika filamu yoyote ya hizo.

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba mwenyeji akiwekwa mbele ya kamera basi haki imetendeka. Baina ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na kazi ya sinema huko Vugiri, katika milima ya Usambara, iliyoongozwa na Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. Zilitengenezwa filamu 35 juu ya kilimo, afya, kuweka akiba posta, na mengine ya namna hiyo. Waigizaji walikuwa Waafrika, na sauti ilitiwa katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo, zikachezwa sambamba na picha. Filamu zikazungushwa kwa lori katika nchi kadhaa za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Ilikuwa juhudi kubwa isiyofaa kudharauliwa. Walakini fikra iliyotangulia picha, yaani nani awe mjinga na nani awe mwerevu katika kisa, ilikuwa mikononi mwa wageni. Mpango ndio wenye amri katika sinema. Kamera hutii tu.

Kwa hiyo wanafunzi saba wakikaa kupanga, wanashika amri ambayo wazee wao hawakupewa. Aghalabu hawaitambui. Saa ya kwanza hupotea katika ugomvi wa vyeo: watano wataka kuwa mwongozaji, wawili wataka kuigiza, na hapana hata mmoja atakaye kushika kinasa sauti. Hili ni kosa la makundi mengi ya wanafunzi. Mtazamaji huvumilia picha yenye kiwi, lakini maneno yasiyosikika humfukuza. Sokoni Mwanga, penye honi za bodaboda na muziki wa maduka, mshika sauti ndiye awezaye kuokoa filamu au kuizamisha. Kundi lenye busara humpa kazi hiyo mwenzao aliye makini kuliko wote, hata kama mwenyewe ananung'unika.

Baada ya vyeo huja maneno ya waigizaji, na hapa yafaa kukawia. Muswada wa kwanza aghalabu humfanya mama wa Kibirizi aseme kama kitabu cha darasani, au kama mchezo wa televisheni wa Dar es Salaam. Binti husema kama mama, na mama husema kama mwalimu. Lakini masikio ya wanafunzi hao yamelelewa katika Kiswahili kingine: Kiswahili cha mji uliopokea misafara tangu karne ya 19, chenye Waha, Wajiji, Wamanyema, na watu wa Burundi na Kongo, ambamo salamu ya Kiha huingia katikati ya bei ya dagaa bila kuomba ruhusa. Kisa chao chote chasimama juu ya jambo hilo. Binti anapowaambia wenzake, "Tumuulize huyu mama," kwa sauti ya mtu asiyemjua, aibu yake imo katika lafudhi kabla haijaingia katika neno. Muswada ukiwapa wahusika wote usemi mmoja, aibu hiyo haina mahali pa kukaa, na filamu imekufa mezani kabla kamera haijafunguliwa. Dawa ni kwenda sokoni na daftari, kusikiliza, kisha kurudi na kufuta.

Mambo mengine hupangwa kwa haraka zaidi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 yataka ruhusa, na ruhusa huombwa mapema. Picha zote za Kibirizi hupigwa siku moja, hata zile za mwisho wa kisa, na kwa sababu hiyo lazima awepo mtu wa kuandika ni kanga gani iliyovaliwa na ndoo ilikuwa mkono upi. Kalenda nayo ina amri yake. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kamili hupumzika, na ufuo huwa mtupu. Mwaka 2024 uvuvi katika ziwa, kwa upande wa Tanzania, ulifungwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Kundi ambalo lingaliweka siku zake ndani ya miezi hiyo lingaliambulia mchanga. Tena ufuo huu waelekea magharibi. Jioni, amwekaye mwigizaji mbele ya ziwa hupata kivuli cheusi kisicho na uso, nayo milima ya Kongo, ambayo hung'aa baada ya mvua, hufichwa na ukungu wa kiangazi.

Jambo zito hutokea siku yenyewe. Mama mmoja, si mwigizaji, yuko kazini nyuma ya binti anayeigiza, akitandaza dagaa wake. Picha yampendeza mwongozaji, ila binti amekosea neno. "Mama, shikamoo, tunaomba uzoe, utandaze tena." Azoa, atandaza. Binti akosea tena. Mara ya tatu mama auliza, "Wanangu, dagaa wangu nao wanalipwa?" Swali hili lilipaswa kuulizwa na wale saba, mezani, wiki mbili kabla. Nani atakayeonekana? Amekubali nini? Siku yake ya kazi ina thamani gani? Filamu inayosimulia aibu ya binti kwa mama yake haiwezi kumgeuza mama wa mwingine kuwa pazia. Kundi lililojipanga limekwisha mwendea jana yake, limekaa, limeeleza, limetaja malipo, na limekubaliana kwamba atandaze mara mbili tu. Lisilojipanga husimama hapo likitazamana.

Mwisho, kabla ya kufunga vyombo, mshika sauti huomba wote wanyamaze kwa dakika moja, apate kunasa sauti ya mahali tupu: mawimbi, kunguru, mtumbwi ukivutwa. Wenzake huchoka kumngoja. Lakini bila dakika hiyo vipande vya picha havishikamani wakati wa kuhariri, na asiyeinasa hana budi kurudi Kibirizi kesho yake peke yake.