Gari la Mumiani, Kitanda cha Popobawa

Mbagala, Temeke, jioni. Bibi mwenyeji wangu anakuna nazi, wajukuu wamejazana mkekani. Namuuliza utotoni aliogopa nini.

"Mumiani, mwanangu. Gari likipita polepole magharibi, tulitawanyika kama vifaranga walioona mwewe."

Hakutaja jini wala mnyama. Alitaja gari, na gari hilo limenikaa kichwani.

Mumiani hana pembe wala mkia, ana ajira. Enzi za mkoloni, watu wengi wa Tanganyika, Kenya na Uganda waliamini kuwa wazimamoto, na sare zao na magari yao, hukamata watu usiku na kuwatoa damu ikatengenezwe dawa yenye jina hilo hilo la mumiani. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaeleza kuwa mumiani ni dawa nyeusi kama gundi, ya mifupa iliyovunjika, kisha inaongeza kuwa wengi waliiamini kuwa ni damu ya binadamu iliyoganda. Katika hadithi hiyo yumo mwajiri, umo mshahara, na mnunuzi yuko mbali, haonekani. Waliotozwa kodi ya kichwa, wakaenda manamba kwenye mkonge ili wailipe, walijua jinsi mwili wa mtu unavyogeuka mali ya mwingine. Damu haikunyonywa na wazimamoto. Lakini walioisimulia hofu hiyo hawakuwa wajinga.

Kisiwani Pemba, Zanzibar, ni habari nyingine. Popobawa, shetani wa huko, haji na gari. Humkuta mtu kitandani mwake, mlango umefungwa, akamwingilia. Husimuliwa kuwa alizuka mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mwaka 1995 akarudi, miezi michache kabla ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, akaenea Unguja, na hofu yake ikavuka hadi Dar es Salaam. Watu walihama vyumba, wakalala nje kwa makundi, moto ukiwaka hadi alfajiri. Tena ana sharti: aliyeingiliwa awaambie wenziwe, akificha atarudiwa.

Sharti hilo ndilo linalomtenga popobawa na mumiani. Aliyechukuliwa na mumiani harudi kusimulia; popobawa humwacha mtu hai na kumlazimisha aseme. Mjini, kwenye watu wa kila mkoa, hofu ilitoka barabarani, kwa mgeni mwenye sare. Visiwani, ambako siasa iligawa hata ndugu wa nyumba moja, hofu ilizukia ndani. Hivyo ndivyo ninavyoamini.

Nimerudi Mwananyamala, Kinondoni. Mama mmoja anamwonya mwanawe asisogelee gari lenye vioo vyeusi. Neno mumiani halitamki, ila gari ni lile lile.

Naandika haya nikimkumbuka mtu mmoja. Mwaka ule wa 1995, Unguja, umati ulimuua ukidhani ndiye popobawa. Alikuwa mgonjwa wa akili, ametoka bara kutafuta tiba.