Kununua Gari Jipya Mjini Kigali

Kigali ni mji wa vilima. Nilivipanda na kuvishuka nikimsindikiza ndugu yangu, askari aliyeweka akiba miaka mingi ili anunue gari jipya. Mwezi Juni 2018 Volkswagen ilifungua kiwanda cha kuunganisha magari mjini humo. Hata hivyo, magari mengi hutoka ng'ambo, hushushwa Dar es Salaam au Mombasa, kisha husafirishwa zaidi ya kilometa elfu moja. Gharama ya safari hiyo humwangukia mnunuzi.

Muuzaji alitaja bei kwa tabasamu. Ndugu yangu hakuonyesha kwamba amelipenda gari, bali aliuliza: "Bwana, kodi imo katika bei hii?" Haikuwamo. Asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani ingalimeza fedha zote za bima.

Kodi ya serikali haipunguzwi na muuzaji. Faida yake mwenyewe hupunguzwa. Tukaaga, tukaenda duka la pili, tukarejea na bei iliyoandikwa. Muuzaji akashusha, akaongeza na matengenezo ya kwanza bila malipo.

Ndugu msomaji, haba na haba hujaza kibaba. Kibaba kilichojazwa kwa miaka, usikimwage kwa dakika moja.