Nilichojifunza Kwenye Tangi la Samaki



Mwezi Januari mwaka jana mwenzangu wa darasa aliacha seminari. Hakufukuzwa. Alizungumza kwa muda mrefu na mlezi wake wa kiroho, akamwandikia askofu, kisha akafunga sanduku lake. Kabla ya kuondoka alinipeleka chumba cha kusomea, akanionyesha tangi lake la kioo la lita 40 lenye samaki wanane wadogo, akaniambia, "Frateri, hili nakuachia wewe. Mimea isife." Nikakubali. Nilijua kulima mahindi na kumwagilia mchicha. Mimea inayoishi chini ya maji sikuijua.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kuchagua. Nilikuwa nimeona picha za matangi yenye majani mekundu, nikatamani na letu liwe hivyo. Wakati wa likizo nikanunua mimea ya namna hiyo mjini kwa fedha aliyonipa shangazi. Baada ya wiki tatu majani yalikuwa yamelainika kama mchicha ulioiva kupita kiasi. Baadaye nikaelewa kwamba mimea mingi ya rangi hiyo huhitaji taa kali, mbolea, na mara nyingi hewa ya kaboni inayoingizwa majini. Mimi nina taa moja ndogo, na umeme wenyewe hukatika. Nilichagua mimea ya tangi nililolitamani, si ya tangi nililokuwa nalo.

Hapo ndipo nilipoitazama vizuri mimea mitatu aliyoichagua mwenzangu. Wa kwanza ni anubiasi. Asili yake ni misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, kandokando ya vijito vyenye kivuli, ndiyo maana mwanga hafifu unautosha. Shina lake hutambaa kama tangawizi. Ukilifukia kwenye changarawe huoza, kwa hiyo hufungwa kwa uzi juu ya jiwe mpaka mizizi ijishike yenyewe. Wa pili ni valisneria, wenye majani marefu kama utepe, unaopandwa upande wa nyuma. Wa tatu wataalamu huuita Ceratophyllum, nao unafanana na mkia wa paka. Hauna mizizi kabisa. Hujilisha moja kwa moja kutoka kwenye maji, hukua haraka sana, na kwa kuwa hula kile ambacho mwani ungekula, husaidia maji yasigeuke kijani.

Kosa la pili lilikuwa la kutokata. Kila nilipoushika mkasi nilikumbuka yale maneno, "Mimea isife," nikaurudisha mezani. Ule mkia wa paka ukajaa mpaka juu. Mwanga ukashindwa kufika chini, anubiasi ikaanza kuwa ya njano, na sehemu za ndani zilizokosa mwanga zikaoza. Asubuhi moja kabla ya Masifu nikakuta samaki wawili wamekufa na wengine wakihema juu ya maji. Mchana mimea hutoa oksijeni, lakini usiku nayo huitumia kama sisi. Ikisongamana, huku mingine inaoza, samaki wanakosa pumzi. Nilikuwa nimewaua kwa kuogopa mkasi.

Siku hizi nakata kila Jumamosi baada ya usafi, na sizidishi theluthi moja kwa mara moja. Ule usio na mizizi naukata, nabakiza ncha changa na kutupa sehemu ya chini iliyochakaa. Valisneria siikati jani katikati, maana ncha iliyokatwa huharibika. Nalitoa jani zima kwenye shina lake. Anubiasi naiondolea jani lililozeeka tu, kwa kuwa hukua polepole. Nikimaliza, navua vipande vyote na kubadilisha robo ya maji kwa maji yaliyokaa ndooni siku nzima. Mabaki nayapeleka kwenye mboji ya bustani, kamwe si mtoni. Watu wa kando ya Ziwa Victoria hawahitaji kuelezwa sababu. Gugumaji asili yake ni Amerika Kusini, na lilisambazwa sehemu nyingi duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake.

Muhula huo tulikuwa tunamsoma Aristotle juu ya nafsi. Anasema mimea nayo ina nafsi, ile ya kujilisha na kukua, na anaeleza jambo ambalo kila mkulima wa mihogo analijua: mimea mingine ikigawanywa, vipande vyake huendelea kuishi. Nilisoma sentensi hiyo jioni, mikono bado ikinuka maji ya tangi, nikamkumbuka mwenzangu.

Naomba niungame hapa. Alipoondoka, mtu mmoja mezani alitaja matawi makavu, nami nikacheka pamoja na wengine. Miezi mitatu nzima sikumpigia simu. Nilitunza mimea yake, yeye mwenyewe nikamwacha. Nilipompigia hatimaye, aliniambia kwamba kijijini watu walikuwa wananong'ona, na mama yake alikuwa ameacha kwenda jumuiya kwa aibu.

Nikarudi kwenye mfano wa mzabibu, katika sura ya 15 ya Injili ya Yohane. Nilikuwa nimezoea kuusoma kana kwamba mzabibu ni seminari. Lakini Bwana anazungumza juu ya kukaa ndani yake, hazungumzi juu ya kukaa seminarini. Na katika mfano huohuo, hata tawi linalozaa linaguswa na kisu.

Likizo iliyofuata niligawanya shina la anubiasi, nikabakiza majani manne kila upande, nikalitia pande moja katika chupa ya maji na kusafiri nalo kwenye basi. Mwenzangu sasa anafanya kazi katika karakana ya useremala ya mjomba wake. Mama yake alinikaribisha chai, akaitazama chupa, akauliza kama mmea huo unaliwa. Tukacheka wote. Aliuweka dirishani. Jioni ile tulisali rozari, na aliyeongoza alikuwa mwanawe.

Sijui kama mmea utadumu katika chupa ile. Ila ndugu zangu wa parokiani, nawaomba jambo moja. Kijana wenu akirudi kutoka seminari, msimuulize kwanza kilichomrudisha. Mpeni kiti kwenye jumuiya. Nasi mafrateri tuliobaki, tupige simu mapema kuliko nilivyopiga mimi.