Kabla Uzi Haujawa Uzi: Safari ya Kitale na Bungoma

Mama wa nyumba anapofungua leso mpya akakuta vitone vyeupe visivyoshika rangi, aghalabu humlaumu mpiga chapa. Mara nyingi lawama hiyo humwonea. Vitone hivyo huweza kuwa nyuzi changa za pamba, ambazo hazikukomaa, zikajiviringa vifundo wakati wa kuchambuliwa. Uzi mchanga hauna unene wa kunywa rangi. Hitilafu ilikwisha ingia shambani au ndani ya gunia. Habari hizi tulizisikia zamani, lakini tulizifahamu vyema tulipokwenda bara, Kitale na Bungoma.

Kitale iko juu, takriban mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na sisi watu wa pwani tulijifunika mablanketi mawili na bado meno yakagongana. Baridi hiyo ni neema kwa kondoo wa sufi. Mwenyeji wetu, mama wa makamo anayesokota nyumbani pamoja na binti zake, alitandaza juu ya turubai manyoya ya kondoo mmoja, mazima kama joho lililovuliwa. Akaanza kutenga: ya mabegani na ubavuni, yaliyo laini, upande huu, ya mapajani, yenye kukwaruza, upande ule, ya tumboni na yaliyogandamana samadi, mbali kabisa.

Kisha akachomoa kishungi kimoja, akakishika ncha zote mbili, akakileta sikioni na kukivuta kwa ghafla. "Sikiliza, shehe," akasema, akatupa nasi tujaribu. Kishungi kizima hutoa mlio mkavu, kama waya wa udi ulioguswa kwa kidole. Kilicho dhaifu huchakarika na kukatika. Pale kinapokatika, alitueleza, ndipo mnyama alipougua, au alipokosa malisho wakati wa kiangazi, au alipozaa; sufi hukua mwaka mzima, na taabu ya mwezi mmoja hubaki humo kama alama. Sufi ya namna hiyo haifai kwa nyuzi za mtande, ambazo huvutwa kwa nguvu. Yeye huijaza katika mito.

Kuosha nako kuna adabu yake. Hutakiwa maji ya uvuguvugu, sabuni, na mikono isiyo na haraka. Ukiisugua, au ukaitoa katika maji ya moto na kuitosa katika ya baridi, sufi hushikamana ikawa bapa moja lisilotenguka tena. Mafuta na vumbi vikishatoka, sufi huweza kupoteza hata nusu ya uzito wake, kwa hiyo anayenunua sufi chafu kwa kilo na ajue anachokilipia. Ikikauka huchanwa kwa vibao viwili vyenye meno ya waya, ndipo husokotwa urefu wa shubiri kwa majaribio tu. Kipande kile hukunjwa katikati. Kikijipinda chenyewe sawasawa, kazi huanza. Kikiwa na manundu, sufi hurudi kwenye vibao.

Kutoka Kitale tulipita Kiminini na Kamukuywa, tukakata kuelekea Kimilili, Mlima Elgon umejifunika mawingu. Matatu zilijaa, hatuna zaidi la kusimulia.

Malakisi, magharibi mwa Bungoma karibu na mpaka wa Uganda, pana kiwanda cha kuchambulia pamba tangu zama za ukoloni. Soko la pamba lilipoachwa huria mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakulima wengi nchini walilitupa zao hilo. Upande huu tumbaku na miwa zikatwaa mashamba. Waliobaki, na wengi tuliowaona ni wanawake, huchuma kwa mifuko miwili: mmoja wa pamba iitwayo safi, nyeupe na isiyo na majani; mwingine wa fifi, iliyopata madoa na manjano. Fifi bei yake ni duni sana. Konzi chache za fifi zikiingia katika gunia la safi, gunia zima huweza kushushwa daraja, na karo ya muhula ikaenda nalo.

Mjane mmoja alituonyesha vipimo vyake. Kwanza huing'ata mbegu: ikipasuka kwa mlio, pamba ni kavu, ikibonyea, hurudishwa juani, kwa kuwa pamba mbichi hupata joto ndani ya gunia na kugeuka manjano. Kisha huvuta nyuzi baina ya kidole gumba na cha shahada, tena na tena, mpaka zinyooke, akazilaza juu ya buibui lake jeusi apate kuuona urefu. Nyuzi zinazokaribia milimita 30 husokoteka vizuri. Viwandani kazi hii hufanywa na mashine: hewa hupulizwa katika donge la pamba lililopimwa uzito, na kadiri hewa inavyozuiwa, ndivyo nyuzi zilivyo nyembamba au changa. Magunia ya plastiki yeye hayataki kabisa, kwani nyuzi zake huchopoka zikaingia katika pamba, na hazishiki rangi ya kitambaa.

Mnunuzi naye huzamisha mkono hadi chini ya gunia. Tulikumbuka Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyotia mkono wake katika rundo la chakula sokoni akakuta unyevu ndani, akamkemea muuzaji. Ni haki pamba ikaguliwe. Lakini tuliuliza, mizani ya mnunuzi hukaguliwa na nani? Wanawake wale wakatazamana, wakacheka kidogo. Sura ya Al-Mutaffifin iliteremka kwa ajili ya wapimaji pia, na twaona ni dhuluma mkulima kupimwa uzi kwa uzi hali mizani haiguswi.

Sokoni mjane yule alipeleka magunia mawili. La fifi, lililokuwa dogo, alilifunga kwa kitambaa chekundu ili asiwepo wa kusema amelificha. Siku hiyo alikuja na mizani ndogo ya mkono ya jirani yake, akayapima yote mawili mwenyewe mbele ya watu kabla ya kumkabidhi mnunuzi.