Kivukizi cha Mzee

Jumamosi, 11 Januari 2025. Hamburg

Mzee wa ghorofa ya pili ameteremka na kivukizi chake, amekifunga kwenye kitambaa cha kufutia vyombo. "Mwanangu, chawaka, chapata moto, lakini navuta hewa tupu. Betri imekufa hiyo."

Kila anayeniletea simu nimtengenezee huanza na betri, kwa hiyo sikushangaa. Ila kifaa kilichokufa betri hakiwaki, wala kioo chake hakiandiki 190. Nimemwambia akiache, kesho nikitazame kwa mwanga wa mchana.

Ni cha mkononi. Ndani kuna betri ya lithiamu ya aina ya 18650, hita inayozunguka kikombe kidogo cha kauri, chujio la waya juu ya kikombe, kibomba cha kioo, kisha mdomo wa plastiki wa kuvutia. Majani yanapashwa moto bila kuunguzwa, dawa inatoka na mvuke. Kwa bangi ya tiba watu hucheza kati ya nyuzi 180 na 210. Kiini chake kikuu, THC, hutoka na mvuke kwenye joto hilo, na ukishapita kama 230 majani yanaanza kuungua, yaani umerudi kwenye moshi ule ule Mzee aliokatazwa na daktari.

Mkanda wa jeshi ulimpiga Mzee ubavuni, vidonda vikapona, maumivu ya neva yakabaki. Vidonge vilimlaza mchana kutwa. Hapa Ujerumani madaktari wanaandika maua ya bangi tangu 2017, na tangu 1 Aprili 2024 yametolewa kwenye sheria ya dawa za kulevya, yanaandikwa kwenye cheti cha kawaida. Mwanzoni Mzee aliona haya. Baharia wa Mombasa aliyeswali tano zote melini, uzeeni aonekane na bangi! Siku hizi anaiita dawa ya ubavu, na anayecheka na acheke.

Kabla ya kulala nimeufuta mdomo wa kifaa kwa spiriti, nikavuta kikiwa kimezimwa na kikombe kitupu. Mashavu yameingia ndani. Hewa haipiti kabisa. Kwa hiyo umeme usubiri, tatizo la kwanza liko kwenye njia ya hewa.

Jumapili, 12 Januari

Nimefungua upande wa mdomo tu. Skrubu za upande wa betri sijazigusa. Nimeliinua chujio mbele ya taa na sikuona hata tundu moja likipitisha mwanga. Bangi huacha utomvu wa kahawia unaonata vidoleni, hilo nilitarajia. Lakini huu ulikuwa mweusi, mzito, umeganda pembeni kama ukuta, na nilipouweka puani nikapata harufu ya nyumba yenye arusi. Pembezoni mwa kikombe, kati ya kauri na chuma, nimechomoa kwa kibano kibanzi cha mti, chembamba kuliko kucha.

Udi!

Nimepanda juu nacho kwenye kisahani. Mzee amekitazama, akacheka hadi akashika ubavu. Hakuficha. Chetezo chake kinataka makaa, na mji huu kila chumba cha kulala lazima kiwe na king'ora cha moshi darini, ni sheria. Ijumaa moja alifukiza kama kawaida yake, king'ora kikalia, majirani wakamiminika ngazini na ndara zao. Akawaza: ninacho kidude kinachopasha moto bila moshi, kwa nini nisikitumie? Akawa anatia kibanzi, anakiwasha, anakiacha mezani. "Tena kwanukia kushinda makaa," anasema.

Kwa upande wa harufu hakukosea. Udi hupenda moto wa polepole. Kaa jekundu huuchoma kabla haujamaliza kunukia. Taabu ni kwamba mafuta yake ni mazito. Yanapanda na joto, yanafika kwenye chujio ambalo limepoa kidogo, yanaganda hapo. Kisha bangi inaongeza utomvu wake juu, na udi mwingine juu ya huo.

Usafi: chujio na kibomba cha kioo nimevitumbukiza kwenye mtungi wa jemu wenye isopropili ya asilimia 99. Baada ya saa moja spiriti imekuwa rangi ya chai ya mkandaa. Nimeimwaga, nikatia nyingine. Mdomo wa plastiki nimeuosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni tu, kwa sababu spiriti inaweza kuupasua. Kikombe nimekisugua kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, maana tone likiteleza hadi kwenye bodi nitakuwa nimepata kazi nyingine. Dirisha wazi, jiko limezimwa: mvuke wa isopropili hushika moto hata kwenye joto la kawaida la chumba, na wapo watu wanaokiwasha kifaa kingali kimelowa "ili kikauke haraka". Mpira wa duara wa kuzuia hewa kupenya, ile oringi, uko salama. Umelegea kidogo lakini unabana.

Vinalala wazi dirishani hadi kesho.

Jumatatu, 13 Januari

Vimekauka. Nimekiwasha kitupu mara moja karibu na dirisha hadi harufu ikaisha. Hewa inapita bila kulazimishwa. Nimempelekea Mzee, tumekunywa kahawa.

Jumanne, 14 Januari

Nilijua furaha ile ingekuwa fupi. Amepiga simu: hewa yapita, mvuke mwembamba, ameongeza hadi 220 na sasa anakohoa. Nimepanda nikaomba anioneshe anavyofanya tangu mwanzo, mimi nikae kimya.

Mtungi wa maua uko juu ya kipasha chumba, kwenye joto, kifuniko kimeegeshwa. Maua yamekauka hadi yanavunjika kwa vidole. Anayasaga kwa kisagio hadi yanakuwa unga, anaumimina kwenye kikombe, anaushindilia kwa kitako cha njiti ya kiberiti, anaongeza, anashindilia tena. Kioo kinapoandika 190 tu, anavuta kwa pumzi ndefu yenye nguvu, kama mtu anayenyonya maji ya dafu kwa mrija.

Alipomaliza nilimwomba asiguse kitu. Nimekigonga kikombe juu ya kisahani, kidonge kizima kikaanguka kikiwa kimeshikana. Nimekikata katikati kwa kisu cha matunda. Ukingoni, unene wa milimita mbili hivi, ni kahawia iliyokolea. Katikati ni kijani kibichi, haijaguswa na moto. Mzee ameinama akakitazama muda mrefu. Miezi yote hiyo alikuwa akitupa nusu ya dawa.

Nimeshuka kuchukua kipimajoto changu cha waya, kile cha kuangalia kazi ya kulehemu. Tumejaza kikombe upya vile vile, nikachomeka ncha katikati. Kioo kikaandika 190. Waya wangu haukufika hata 150. Haimaanishi kioo kinadanganya. Sensa imegandishwa kwenye ukuta wa kikombe, inasema joto la ukuta. Majani yaliyoshindiliwa hayapitishi vizuri joto wala hewa, kwa hiyo katikati hupata habari mwisho kabisa. Na ukivuta kwa nguvu, hewa ya baridi inaingia kwa wingi kuliko hita inavyoweza kuipasha. Kuongeza nyuzi hakusaidii katikati, kunaunguza ukingo tu, na ndicho kikohozi chake.

Tumejaribu tena: maua yasagwe chengachenga, kikombe kijazwe bila kushindiliwa, kioo kikifika 185 angoja kama nusu dakika, avute taratibu kwa pumzi ya mtu aliyepumzika, katikati ya kazi afungue na kukoroga. Mvuke umekuja, mweupe, mwepesi. Hakukohoa. Mtungi tumeufunga vizuri na kuuweka kabatini, mbali na joto.

Nikasema basi, kazi imekwisha. Akaniambia, "Na chaji?"

Alhamisi, 16 Januari

Chaji. Hapa nimekasirika kidogo, si na Mzee.

Bintiye alimnunulia chaja mpya, ya maana, waya wake una kichwa cha USB-C pande zote mbili. Ukichomeka kwenye kivukizi hakuna kinachotokea, taa haiwaki. Ndiyo maana betri ilikuwa "imekufa". Nimeweka mita katikati: volti sifuri. Nimetoa kwenye droo waya mkuukuu wenye kichwa kipana cha zamani upande wa chaja na C upande wa kifaa: volti tano zimepita hapo hapo, taa nyekundu ikawaka.

Chaja ya C haitoi umeme ovyo. Inangoja kwanza ishara kwamba kuna mteja upande wa pili, na ishara yenyewe ni rezista mbili ndogo za kilo-om 5.1, ambazo aliyetengeneza kifaa anatakiwa kuziweka kwenye bodi. Hakuweka. Ameokoa senti, mzee wa watu akaamini betri imekufa. Hili ninaliona kwenye tochi, spika, mashine za kunyolea, kila kitu cha bei nafuu chenye tundu la C. Kichwa kipana cha zamani hakiulizi, kinatoa volti tano kwa yeyote.

Ningeweza kuzilehemu rezista mwenyewe, si kazi ngumu. Sitaki. Kifaa kingali kwenye dhamana, na ni cha mgonjwa, atakitia mdomoni kila jioni. Anayekifungua anabeba dhamana ya kitakachofuata. Nimeuzungushia waya mkuukuu utepe mwekundu, nikaandika MZEE, nikampa uwe wake. Duka la dawa, nasikia, lilimshauri achukue kilichothibitishwa kuwa kifaa cha tiba, ambacho pengine bima ingelipia. Akaona bei, akakwepa. Nisingekwepa.

Jumamosi, 18 Januari

Asubuhi nje barafu. Amenipigia, kimezimika mkononi baada ya mvuto mmoja, na chaji kioo kilionesha ipo zaidi ya nusu. Nimeuliza swali moja tu: ulikuwa wapi? Barazani. Mwenye nyumba hapendi harufu ndani, kwa hiyo anatoka na koti lake. Na kifaa kilikuwa kimelala huko huko barazani usiku kucha.

Betri ya lithiamu ikipoa sana, upinzani wa ndani hupanda. Hita inapodai umeme mwingi kwa mpigo, volti inaanguka, bodi inadhani betri imeisha, inakata. Ikirudi kwenye joto inafufuka yenyewe. Kibaya zaidi ni kuichaji ikiwa chini ya sifuri, hiyo huiharibu kwa kweli. Kwa hiyo: ilale ndani, isiingie kwenye chaji hadi ipate joto la chumba, na akitoka aibebe kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Tumezungumza pia juu ya safari. Anataka Ramadhani aifungie Mombasa, na aliuliza kama kivukizi kikioshwa vizuri kinaweza kuingia kwenye begi. Nimemkatalia. Hata kikisafishwa hubaki na chembe na harufu, na Kenya bangi ni jinai kwa sheria ya 1994. Cheti cha daktari wa Hamburg si kitu cha kwenda kukijaribu kwenye dawati la forodha. Amwone daktari mapema, apewe dawa nyingine ya muda ule. Hakupenda, lakini ameandika miadi kwenye kalenda.

Akaniuliza, ikiwa ni usumbufu wote huu, kwa nini daktari asimwache avute sigara ya majani, mambo yaishe? Nikamsimulia jaribio la Donald Abrams na wenzake kule San Francisco, lililochapishwa 2007: watu 18, siku nyingine walivuta moshi, siku nyingine mvuke. THC iliyoingia mwilini ilikaribiana. Kaboni monoksaidi, ile sumu ya moshi, ilipanda kwa wavuta moshi, kwa wavuta mvuke karibu haikupanda. Mzee akasema, "Basi tuendelee kukoroga."

Jumatano, 29 Januari

Mpwa wake wa Muscat ametuma chetezo cha umeme, cha rangi ya dhahabu, sahani ya kauri juu na swichi ubavuni. Kimekuja na plagi ya pini tatu, zile za Oman ambazo ni sawa na za Kenya, na Mzee alikuwa na vigeuzi droo nzima tangu enzi za safari. Volti 240 kwa 230 za hapa, hakuna tatizo. Tumekijaribu sebuleni na kipande kidogo. King'ora kimenyamaza.

Kivukizi nimekikagua kwa mara ya mwisho: hewa inapita, kidonge kilichotumika ni kahawia hadi katikati, chaji inaingia. Betri ni ile ile aliyoniletea. Nimemwachia vijiti vya pamba, chupa ndogo ya isopropili, na karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati: chujio lioshwe kila wiki, likauke usiku mzima, likiziba lisisuguliwe kwa waya bali libadilishwe. Nimeagiza pakiti moja ya vichujio vya akiba. Udi humo, marufuku.