Mpiga Besi

Watu husifu nyumba kwa rangi ya kuta zake. Wachache huinama kuutazama msingi. Ndivyo ilivyo kazi ya gitaa la besi, ambayo mimi huifanya jioni za Jumamosi katika harusi na hoteli za Eldoret, tupigapo zilizopendwa.

Zilizopendwa si mali yetu. Wasikilizaji walizipokea kwa wazazi wao, nao wanazijua toka mwanzo hata mwisho. "Malaika" aliyoirekodi Fadhili William, au "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms ya mwaka 1982, ikipigwa kwa besi iliyojaa madoido, wachezaji hupotewa na hatua. Kwa hiyo jifunze kwanza besi ilivyopigwa katika santuri, kisha uifuate kwa uaminifu. Sikiliza ngoma kuliko vidole vyako. Na mahali pa kunyamaza, nyamaza.

Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku hukaza nyuzi za chuma, sauti ikapanda. Basi litoe gitaa mapema, uliache lizoee hewa, ndipo uzilinganishe nyuzi zake nne. Chukua na waya wa akiba, maana mwenye harusi hakulipia udhuru.

Hutashangiliwa. Lakini siku besi ikikosekana, hata asiyeijua kwa jina huuliza muziki umepatwa na nini. Heshima ya namna hiyo haipigiwi makofi, nayo yatosha.